Wafalme Wangu na Suleiman Wake

Mama niliyemtunza Stanmore, London, alikuwa na lugha tatu, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kigujarati kilikuwa cha kusali na cha kugombana na binti yake kwenye simu. Kiingereza kilikuwa cha daktari. Kiswahili kilikuwa cha hadithi, na hapo ndipo mimi nilipoingia.

Alizaliwa Mumias, magharibi mwa Kenya, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na alikuwa msichana mkubwa tayari familia ilipohamia Uingereza. Nilipomkuta alikuwa mjane wa miaka mingi. Macho yalikuwa yamemwacha kidogo kidogo hadi ikabaki nuru tu, ya kumjulisha dirisha liko upande gani. Binti yake, mfamasia, aliishi mitaa michache kutoka pale, naye aliajiri wanawake wawili wa kumtunza mama yake. Mimi nililala pale kuanzia Jumatatu, nikaondoka Jumamosi asubuhi kwenda chumbani kwangu Croydon. Mwenzangu aliingia nilipotoka, akakaa hadi nirudi.

Siku ya kwanza mama aliniuliza kwetu wapi.

"Butere, Mama."

"Butere!" Akacheka, akanyoosha mkono kuelekea bustani kana kwamba Butere ilikuwa nyuma ya ua wa jirani. "Butere iko hapo tu! Baba yangu alikuwa peleka nguo Butere."

Nilipomwambia kwamba kabla ya kuja London nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikifundisha Kiswahili na dini, akakaa wima kitini. "Basi wewe mwalimu," akasema, na tangu siku hiyo hilo ndilo likawa jina langu.

Sijui kama alinipima kwanza au hamu ilimjia ghafla, lakini wiki hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, aliniuliza: "Mwalimu, wewe najua hadithi ya wafalme? Wale ya zamani. Daudi. Suleiman."

Nilishangaa. Pale sebuleni, ndani ya kabati la kioo, ndimo miungu yake ilimokaa, na ni mimi niliyewasha taa ya samli kila asubuhi huku yeye akinielekeza kwa sauti. Nikauliza kama hilo halitakuwa vibaya.

"Mungu yangu hapana kasirika. Soma."

Baba yangu alikuwa katekista. Nililelewa kwa wafalme wa Israeli na Yuda kama watoto wengine wanavyolelewa kwa vitendawili. Darasani kwangu watoto waliwataja kwa mfuatano, Yuda upande huu na Israeli upande ule, na aliyekosea alirudia. Kwa hiyo nilitoa Biblia yangu ya Kiswahili mkobani, nikaanza pale watu walipomwendea nabii Samweli wakidai wapewe mfalme kama mataifa mengine, naye akawaonya kwamba mfalme atawachukua wana wao, mashamba yao na punda wao, nao wasisikie.

Nilipofika mahali Sauli alipotafutwa ili atawazwe, akapatikana amejificha kwenye mizigo, mama akapiga paja. "Huyu akili yake nzuri. Angekaa hapo hapo."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila siku, kati ya chakula na chai, nilivuta kiti karibu na dirisha nikasoma. Hakuwa msikilizaji wa kimya. Nilipomsomea Daudi akitembea juu ya paa na kumwona mke wa Uria akioga, akanikatiza.

"Vita iko?"

"Iko, Mama. Jeshi lake lote liko vitani."

"Na yeye iko juu ya paa, nafanya nini?"

"Hilo ndilo swali, Mama."

"Mwanamume hana kazi, taabu tu," akasema, akaniashiria niendelee.

Nilikuwa nimeishi London miaka kadhaa nikiwa mtu wa kuosha, kulisha, kubadilisha shuka, na kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekula na amelala. Hakuna aliyewahi kuniuliza najua nini. Pale dirishani nilikuwa mwalimu tena. Nilijitayarisha. Ijumaa usiku nilipitia sura za wiki inayofuata, na wikiendi nikiwa Croydon, ninapopita kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji ambalo kila mmoja wetu analijua kwa sababu zake, nilikuwa kichwani mwangu nikipanga jinsi nitakavyomweleza kufa kwa Absalomu, nywele zimekwama kwenye mwaloni na nyumbu kaenda zake.

Kisha siku moja, Sulemani akiwa ndiyo kwanza ameketi kwenye kiti cha enzi, mama akaniambia nisisome kwa mfuatano. Alitaka hadithi moja tu.

"Ile ya mfalme kufa simama."

"Mfalme yupi, Mama?"

"Suleiman. Alikufa simama. Mdudu alikula fimbo, yeye akaanguka."

Nikatabasamu. "Hakuna, Mama. Sulemani alikufa akazikwa katika mji wa baba yake. Basi."

"Iko."

"Mama, kitabu hiki nakijua tangu utoto."

"Mwalimu, iko. Wewe tafuta."

Nikatafuta. Kwa haki kabisa nilitafuta, nikapekua Wafalme na Mambo ya Nyakati, nikamsomea mstari wenyewe wa kifo chake, mfupi kama tangazo la msiba. Alisikiliza, akageuza uso kwenye ile nuru ya dirisha. Kisha akaomba chai mapema.

Jumatatu niliporudi, nyumba ilinukia udi. Mama alikuwa amesukwa nywele mikia miwili, zimepakwa mafuta zikang'aa, na aliposikia mlango akaniita kabla sijavua viatu.

"Mwalimu! Iko!"

"Nini, Mama?"

"Mfalme! Mwanangu anaijua!"

Akanisimulia yeye mwenyewe, kwa furaha iliyomfanya akohoe. Kwamba Suleiman aliwaamuru majini wamjengee, naye akasimama akiwatazama, ameegemea fimbo yake. Akafa pale pale amesimama, na majini hawakujua. Waliendelea kubeba mawe wakidhani anawaona. Hadi mchwa walipoila fimbo kutoka chini, ikavunjika, naye akaanguka, ndipo wakatambua kwamba walikuwa wakimtumikia maiti.

Ilikuwa hadithi nzuri. Lakini sikio langu lilikwama kwenye neno moja. Mwanangu. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili karibu mwaka mzima, nimemshika mkono chooni, nimejua anapenda chapati iwe laini kiasi gani, na nilikuwa mwalimu. Yule wa wikiendi alikuwa mwanangu.

Mwenzangu huyo alikuwa mwanamke wa Mombasa, wa Mji wa Kale, mdogo kwangu kwa umri. Tulikuwa tukikutana mlangoni tu. Alifika Jumamosi na buibui lake na viatu vya kukimbilia, akaniamkia vizuri, "Shikamoo dada," nami nikamweleza dawa, choo na usingizi wa mama, nikaenda zangu. Nilikuwa nikimwona ni msichana mzuri, mtaratibu. Tangu Jumatatu ile nilianza kumwona kwa macho mengine.

Kwanza lugha yake. Sisi wa bara tunajua Kiswahili chetu kilivyo. Mimi nilikifundisha, nilijua ngeli zote, nilisahihisha daftari za watoto kwa kalamu nyekundu. Lakini yeye alikuwa amezaliwa ndani yake. Alipomwambia mama ainue mkono avishwe, ilikuwa kama anamwimbia. Nami nilianza kujisikia ninavyosema, kila neno limesimama peke yake kama mwanafunzi gwarideni. Mama naye hakunisaidia. Siku moja, bila ubaya wowote, akaniambia, "Mwalimu, Kiswahili yako nzuri, safi. Kama ya D.C. ofisini." Kisha akaongeza, "Ya mwanangu kama maziwa."

Jambo lililonikera zaidi ni hili: mama alikuwa na Viswahili viwili. Kwangu alisema kile cha dukani, iko, hapana, leta, peleka. Nilidhani ndicho alichonacho. Lakini Jumamosi moja nilichelewa kuondoka, nikisingizia shuka za kupiga pasi, na kutoka kwenye ujia nikamsikia akisema na mwenzangu. Alisema, "Haya basi, nisimulie mwanangu, lakini usinifiche mwisho." Maneno yamenyooka, laini, ya mtoto aliyelelewa. Nilisimama na foronya mkononi. Nikajiuliza mimi nilimkosea nini hata nikapewa Kiswahili cha mteja.

Mwenzangu hakusoma. Alikuwa ameketi sakafuni akimpaka mama miguu mafuta ya nazi, akimsimulia Suleiman aliyejua lugha ya ndege na wadudu. Jeshi lake likikaribia bonde la sisimizi, sisimizi mmoja akawaambia wenzake ingieni nyumbani, Suleiman na watu wake wasije wakawakanyaga bila kujua. Na mfalme akamsikia, akatabasamu. Mama alicheka polepole, kicheko ambacho sijawahi kukipata kwa Absalomu wala kwa Goliathi. Ingekuwa hadithi mbaya ningekwenda zangu Croydon nikalala. Haikuwa mbaya. Nilipanda treni, na hadi London Bridge nilikuwa nikitafuta akilini mfalme wa kumshinda sisimizi yule.

Sikumpata, lakini nilijaribu. Wiki iliyofuata nilisoma kwa sauti tofauti tofauti. Nilimfanya malkia wa Sheba azungumze kama mke wa gavana. Wale wanawake wawili waliogombania mtoto niliwapa machozi na kamasi. Mama alisikiliza, akasema "Nzuri", jinsi mtu anavyosema wali umeiva. Kisha akauliza, "Leo siku gani?"

"Jumatano, Mama."

"Bado," akasema.

Nilianza kufungua madirisha Jumatatu ili udi utoke, hata siku ya baridi. Nilifumua ile mikia miwili nikamfunga nywele kama nilivyozifunga siku zote, nikijiambia ni kwa ajili ya kuziosha.

Nilirudi kwenye mfuatano, kwa kuwa mfuatano ulikuwa wangu. Na mfuatano ukanifikisha mahali ambapo kila mwalimu wa dini anapajua: Sulemani amezeeka, wake zake wa kigeni ni wengi, wanamgeuza moyo, anajenga mahali pa juu kwa ajili ya miungu yao. Nilisoma bila kuongeza wala kupunguza. Sitadanganya kwamba sikufurahia kidogo.

Mama alinyamaza hadi nilipomaliza sura. "Uongo," akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mama."

"Suleiman hapana fanya hiyo. Mwanangu amesema yeye nabii."

"Kwao ni nabii. Hapa ni mfalme."

"Funga," akasema, na siku mbili hakutaka kusomewa.

Jumamosi mwenzangu alipofika alikwenda kwa mama kwanza, kisha akaja jikoni nilikokuwa nikiosha kikombe ambacho kilikuwa safi tayari. Akafunga mlango taratibu. Akaweka birika.

"Dada, mama amehuzunika."

"Nimesikia."

"Ati umemsomea Nabii Suleiman aliabudu masanamu."

"Nimemsomea kilichoandikwa. Sikukitunga mimi."

"Sijasema umetunga. Lakini kwetu neno hilo halisemwi, dada. Nilipolisikia mwili ulinisisimka."

"Na kwetu hakuna mchwa," nikasema. "Wala majini. Mimi nilimwambia mama kweli, hakuna, nawe ukaja ukaniumbua."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule ndio ulioniudhi, maana ulionyesha kwamba hakuwa hata anashindana. "Nikuumbue? Sikujua kama ulimwambia hakuna. Aliniuliza, nikaijua, nikamsimulia. Alilia sana, masikini. Alisema ndivyo yaya wake alivyokuwa akimsimulia."

"Yaya gani?"

"Yaya aliyemlea, huko Mumias. Mwanamke wa Kiislamu, wazee wake walitoka pwani na misafara ya zamani, wakahamia huko. Alikuwa akimbeba mgongoni akifua nguo, akimsimulia manabii. Mamake alikuwa mgonjwa, yule ndiye aliyemlea hasa." Akanigeukia. "Hakukwambia?"

Birika lilikuwa linachemka. Nikalizima mimi, ili niwe na la kufanya.

"Hakuniambia," nikasema.

Nilikulia safari ya baiskeli tu kutoka Mumias. Nilijua msikiti wa mji ule, nilijua zile familia za Waswahili zilizokaa huko tangu enzi za babu zetu. Kama kulikuwa na mtu London nzima wa kuambiwa habari za yaya yule, ni mimi. Naye alimwambia mtu ambaye hajawahi kufika Mumias hata kwa kupita.

Jumatatu nilimweleza mama habari za mjini kwao, miwa, soko, mto Nzoia unapofurika. Kisha, kama mtu anayeokota kitu njiani, nikauliza, "Na yaya wako, Mama, alikuwa wa upande gani wa mji?"

"Nani amekuambia?"

"Mwenzangu."

"Ah," akasema. Nikangoja. Akaomba leso apanguse pua, na habari za yaya zikaishia hapo.

Tuliendelea na wafalme, kwa sababu hakuna aliyesema tuache. Na jambo la ajabu likatokea: mama alianza kupenda waliooza. Rehoboamu aliyewasikiliza vijana wenzake akapoteza makabila kumi alimfurahisha. "Mtoto wa tajiri," alisema, "duka lafungwa mwaka wa kwanza." Ahabu aliyelala kitandani amegeuza uso kwa sababu amenyimwa shamba la mizabibu alimchekesha hadi akaomba maji. Athalia, aliyewaua wajukuu zake mwenyewe apate kutawala, alimtia hofu, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mmoja alifichwa hekaluni, Yoashi, na akakua huko bila nyanya yake kujua. "Nani alimficha?" "Shangazi yake, Mama." "Sawa," akasema, akatulia. Hawa walikuwa wangu. Mwenzangu hakuwajua, na katika Jumamosi zake hapakuwa na Athalia. Nilianza kulala vizuri kidogo.

Mwisho wa kitabu tulifika siku ya mvua. Mfalme wa mwisho wa Yuda ni Sedekia. Anatoroka mji ukiwa umezingirwa, anakamatwa karibu na Yeriko, anapelekwa mbele ya mfalme wa Babeli. Wanawe wanauawa akitazama. Kisha anapofushwa macho, anafungwa minyororo.

Nilikuwa nimesoma hayo mara ngapi maishani, na bado sikukumbuka ninamsomea nani hadi mdomo wangu ulipofika kwenye macho. Nikasimama katikati ya sentensi.

"Maliza," mama akasema.

Nikamaliza.

Mvua ilikuwa ikipiga kioo. Mama aliweka viganja vyake viwili juu ya magoti, akasema, na nakumbuka nilishtuka kwa kuwa hakusema kile Kiswahili cha dukani. Alisema kile kingine.

"Basi yeye kitu cha mwisho alichokiona ni wanawe wanakufa."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilimwona mjukuu wangu. Alisimama pale mlangoni na jua nyuma yake, meno ya mbele yameng'oka yote mawili. Akanionyesha pengo. Baada ya hapo niliona, lakini sikuona sawasawa tena. Kila nikimfikiria ndivyo alivyo, ana pengo. Sasa ana ndevu, wananiambia." Akacheka kidogo. "Nina bahati kumpita mfalme, mwalimu."

Nilimshika mkono. Maneno hayo sikumsimulia mwenzangu wala binti yake. Niliyaweka, na nilipomwona mwenzangu Jumamosi akivua viatu vyake mlangoni nilifikiri moyoni: kuna moja ambalo huna.

Haikupita muda mama akapata homa ya mapafu. Alilazwa hospitali, akapona, lakini alirudi amepungua, na ngazi zikawa zimemshinda. Binti yake akaamua kumhamishia kwake, kwenye chumba cha chini kinachoangalia bustani. Hapangehitajika watunzaji wawili tena. Yeye mwenyewe angesaidia, na mmoja wetu angekaa nao siku zote.

Alinijia jikoni kunieleza. Alikuwa mwanamke mwungwana, na alianza kwa kunishukuru, na mtu akianza hivyo unajua.

"Nilimuuliza Mama anamtaka nani," akasema. "Sikutaka niamue mimi."

"Na amesema nani?"

Alizungusha pete kidoleni. "Unajua wazee. Anasema yule anamkumbusha nyumbani."

Mimi ndimi niliyetoka nyumbani kwake. Nilitaka kumwambia hivyo: dada, chukua ramani. Nikasema, "Hakuna neno. Mama apate anachopenda." Kisha nikaenda chumbani nikaketi kitandani na sare yangu ya kazi magotini, nikasikia wivu ukinipanda kama maji ya moto, wivu wa mtu mzima, usio na aibu. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Ukisema una wivu juu ya mume, watu watakuelewa. Ukisema unaonea wivu mapenzi ya bibi wa watu ambaye ulilipwa kumtunza, watakucheka.

Siku ya kuondoka nilimuaga mama dirishani pale pale.

"Mwalimu, wafalme imekwisha?"

"Imekwisha, Mama. Walipelekwa Babeli."

"Wote?"

"Wote."

"Basi safari njema," akasema, na akanibariki kwa kuweka mkono wake juu ya kichwa changu. Ulikuwa mwepesi kama jani.

Nilipata kazi Croydon kwenyewe, kwa mzee wa Kiingereza aliyetaka televisheni iwe wazi tangu asubuhi na mtunzaji asizungumze. Nilipanda tramu, nikamlisha, nikarudi. Biblia ilibaki mkobani. Mara kadhaa nilijikuta nimesimama dirishani kwake baada ya chakula cha mchana, nimeshika kiti kwa mgongo wake, tayari kukivuta.

Majira ya kupukutika majani, simu ikalia. Mwenzangu.

"Dada, mama hajambo kidogo tu. Lakini kuna mfalme anamtaka, nami simjui. Anasema ni yule aliyegeukia ukutani akalia."

"Hezekia," nikasema, kabla hajamaliza.

"Huyo. Nimemwomba binti yake anitafutie, akamsomea kwa Kiingereza, mama akakataa. Anasema mwalimu ndiye anayemjua." Kisha akasema, "Njoo, dada. Usichelewe."

Nakiri nilifurahi. Nilivaa nguo zangu za kanisani. Katika treni hadi Stanmore nilikuwa nimekaa wima kama mtu anayekwenda kutunukiwa kitu.

Nilimkuta amekuwa mdogo mno kitandani. Nywele mikia miwili. Nikamwamkia, akasema "Mwalimu" bila kusita, nami nikavuta kiti. Nikamsomea Hezekia alivyougua, nabii akaja kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake kwa maana atakufa. Akageukia ukutani akaomba, akalia sana. Na nabii hajafika hata katikati ya ua akarudishwa: Mungu amesikia, ameona machozi, atamwongezea miaka kumi na mitano.

"Kumi na mitano!" Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Mingi mno. Nani atapika? Mimi nataka mpaka Diwali."

Sote watatu tulicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi. Nikainuka nimsaidie, lakini mwenzangu alikuwa amekwisha kufika. Alipitisha mkono chini ya bega la kushoto, si la kulia, kwa kuwa la kulia lilikuwa linamuuma, nami sikujua. Akamwinua, akampangusa midomo kwa kitambaa chenye maji, akamnong'oneza kitu. Mama akaegemeza kichwa kwenye kifua chake, akafumba macho. Nilisimama na kitabu changu wazi mkononi. Nilikuwa nimeitwa kutoka Croydon, nikasoma, nikasikilizwa, nikapendwa hata, na bado ningetoa wafalme wote wa Yuda ili niwe ndiye ninayejua bega gani linauma.

Diwali aliifikia. Binti yake aliniambia waliwasha taa bustani nzima na akauliza ni ngapi, akaambiwa ni nyingi, akaridhika. Alifariki siku chache baadaye, mchana.

Tulikwenda kumsindikiza, mwenzangu na mimi, tukaketi safu ya nyuma kati ya jamaa waliovaa nyeupe. Kijana mrefu mwenye ndevu alisimama akamzungumzia nyanya yake kwa Kiingereza, akasema alikuwa mkali na mcheshi. Nilijua ni nani. Nilimtazama mdomo alipokuwa akisema, nikakaza macho yangu hapo hadi mwisho. Baadaye binti yake mama akatushika mikono sote wawili, akawaambia shangazi zake, "Hawa ndio waliokuwa wakimsimulia Mama." Wakatuinamia. Hakusema nani alisimulia nini.

Tulitembea pamoja hadi stesheni, tukapanda treni moja. Behewa lilikuwa tupu karibu. Mwenzangu aliketi kando yangu, akavua glavu, akaniuliza kuhusu yule mzee wa Croydon, nikamweleza. Akaniambia amepata zamu Southall, kwa bibi mmoja Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru, ambaye hataki hadithi, anataka karata tu, na anaiba.

Nilicheka. Nikamtazama uso wake kwenye kioo, amechoka, macho mekundu. Nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja aniambie kwamba naye aliumia siku ile mama alipomtaka Hezekia na asimjue. Kwamba alisimama jikoni kwa watu akiwa na simu mkononi, akichukia kunipigia. Ningemsamehe yote kwa sentensi hiyo moja. Nilimpa nafasi. Nilinyamaza stesheni mbili nzima.

"Mama alikuwa mtu mwema," akasema hatimaye.

"Sana," nikasema.

Wembley Park akainuka, akajifunga mtandio wake vizuri, akanibusu mkono kama wafanyavyo kwao kwa wakubwa. "Tuonane, dada. Unipigie." Akashuka. Milango ikajifunga, na nikamwona akipita kati ya watu jukwaani kwa viatu vyake vya kukimbilia, haraka haraka, hadi ngazi zikammeza. Mimi nilikuwa bado na safari ndefu.